Ukitaka kukiwahi kituo cha anga, punguza mwendo

Tarehe 3 Juni 1965, muda mfupi tu baada ya kufika angani, rubani Mmarekani Jim McDivitt aliigeuza pua ya chombo chake, Gemini 4, akaielekeza kwenye kipande cha roketi kilichokuwa kimewapandisha yeye na mwenzake Ed White. Kipande hicho kilikuwa ndiyo kwanza kimeachana nao, kikielea karibu, wanakiona kwa macho. Kazi aliyopewa McDivitt ilikuwa kukisogelea na kukaa nacho sambamba. Akafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: akakilenga, akawasha injini, akasukuma. Kipande kikazidi kwenda mbali. Akasukuma tena, kikazidi kushuka na kumponyoka. Karibu nusu ya mafuta ya kusogezea chombo yaliishia hapo, na amri ikatoka duniani kwamba aache.

Huyu hakuwa mwanagenzi. Alikwisha kurusha ndege za kivita katika vita vya Korea, na kusogelea ndege nyingine hewani kilikuwa kitu alichokifanya bila kufikiri. Tatizo ni kwamba ujuzi wake wote ulikuwa wa hewani, na huku juu hewa hakuna. Alichokuwa akikijua kwa mikono kilimpeleka kinyume.

Leo chombo kuungana na kituo cha anga ni habari ya mistari mitatu kwenye gazeti. Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba chombo “kimetia nanga” katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Naelewa kwa nini, ila neno hilo linapotosha. Anayetia nanga amesimama, na chini yake kuna mchanga unaomshika. Kule juu hakuna anayesimama. Afadhali tuseme kufunga gati, mradi tukumbuke kwamba gati lenyewe nalo linakimbia.

Na linakimbia kwelikweli. Kituo hicho, chenye uzito wa tani 420 hivi, kiko kilomita 400 na ushei juu ya vichwa vyetu na huenda zaidi ya kilomita 7 na nusu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Nairobi hadi Mombasa ni dakika moja. Dunia nzima huizunguka kwa dakika 92 au 93, mara 16 hivi kwa siku. Ukitoka nje jioni au alfajiri siku kinapopita, hata ukiwa Tanga au Kigoma, utakiona: nuru nyeupe isiyopepesa, inavuka mbingu kwa dakika tano au sita, kisha, kama ni jioni, mara nyingi inafifia ghafla ikiingia kwenye kivuli cha dunia.

Watu wengi wakisikia hesabu hizo hudhani ugumu uko kwenye kasi. Hauko huko. Fikiria daladala mbili zinazokwenda sambamba, kioo kwa kioo, na konda wa moja anampa mwenzake chenji kupitia dirishani. Zote zinakwenda kilomita 60 kwa saa, lakini noti haipeperuki wala mikono haikwaruzani, maana kati ya konda na konda hakuna mwendo. Vyombo viwili vikishakuwa kwenye njia moja, kwa kasi moja, upande mmoja, ile kilomita saba na nusu haimsumbui mtu. Ugumu ni kufika kwenye hali hiyo ya daladala mbili.

Barabarani, njia ni kitu kimoja na mwendo ni kitu kingine. Lami ipo palepale, uende polepole au uende mbio. Kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, mwendo wako ndio unaoichora njia yako. Kituo cha anga hakishikiliwi na chochote. Muda wote kinaanguka kuelekea duniani, ila kinakwenda mbele kwa kasi kiasi kwamba ardhi, kwa kuwa ni mviringo, inapinda chini yake kwa kadiri ileile kinavyoanguka. Kila kimo kina kasi yake. Aliye chini huvutwa zaidi, hivyo lazima aende mbio zaidi ili asianguke, na duara lake ni dogo. Aliye juu huenda taratibu, na duara lake ni kubwa.

Sasa msukume mbele aliye kwenye duara fulani. Hapati kasi ya kumfikia mwenzake. Anachopata ni njia mpya iliyopanda juu. Kwa hesabu ya kimo cha kituo hiki, ukiongeza mita 1 tu kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea akiangalia maduka, upande wa pili wa njia yako hunyanyuka kwa kilomita tatu na nusu hivi. Njia yako imerefuka. Utakapomaliza mzunguko, dakika tisini na kitu baadaye, utajikuta umebaki nyuma ya kituo kwa takriban kilomita 17. Ulisukuma mbele, ukarudi nyuma. Ndicho kilichomkuta McDivitt.

Kwa hiyo anayetaka kumfikia aliye mbele hupunguza kasi, akashuka, na huko chini duara linakuwa dogo na mwendo unakuwa mkali zaidi. Chombo kilicho kilomita 10 chini ya kituo hukisogelea karibu kilomita 94 kila mzunguko bila kuchoma hata tone la mafuta. Kikikaribia kiasi cha kutosha, husukuma mbele kwa kipimo, kikapanda, na kama hesabu iliwekwa sawa, hufika kwenye kimo cha kituo wakati kituo nacho kinafika. Sehemu kubwa ya safari nzima ni kungoja huko chini, ukipiga mizunguko.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni Buzz Aldrin. Kabla hajawa mwanaanga aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya namna vyombo viwili vyenye watu vinavyoweza kukutana kwenye obiti, akaikamilisha katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963. Wenzake walimtania kwa jina la Daktari wa Kukutana Angani. Novemba 1966, akiwa ndani ya Gemini 12 na Jim Lovell, rada iliyopaswa kuwaongoza kwenye chombo walichokuwa wakikifuata iligoma. Aldrin akatoa kipima-pembe, aina ileile wanayotumia mabaharia kupimia nyota, pamoja na majedwali yake ya hesabu, akamwambia Lovell asukume lini na kiasi gani. Wakafika. Dunia inamkumbuka kwa kuwa mtu wa pili kukanyaga Mwezi. Mimi namkumbuka zaidi kwa hili la kipima-pembe.

Kuna sharti jingine ambalo huanza kabla chombo hakijaondoka ardhini. Obiti ya kituo imelala upande, imeinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, na dunia inajizungusha ndani yake kama tufe ndani ya pete. Uwanja wa kurushia roketi hupita chini ya pete hiyo kwa nyakati maalumu tu. Ukirusha wakati haujafika, utakuwa kwenye pete nyingine iliyoinama vingine, na kupindisha njia ukiwa tayari angani ni ghali mno: nyuzi moja tu hugharimu badiliko la kasi la mita 130 na zaidi kwa sekunde. Ndiyo maana hakuna kusema “tungoje mvua ipite nusu saa”. Mwaka 2020, wanaanga Doug Hurley na Bob Behnken walipangiwa kuondoka Florida na chombo cha Dragon tarehe 27 Mei, saa 10:33 jioni. Hali ya hewa ikachafuka, safari ikaahirishwa zikiwa zimebaki dakika zisizofika 17. Walipoondoka tarehe 30 Mei ilikuwa saa 9:22 alasiri. Saa moja na dakika 11 mapema, kwa sababu pete ya kituo huwa imejisogeza kila siku kwa dakika ishirini na kitu.

Safari yao ilichukua saa 19 hivi. Warusi wamekuwa na haraka zaidi. Zamani chombo cha Soyuz kilichukua siku mbili hadi kituoni, watu watatu wamebanana kwenye nafasi ya kukunja magoti. Mwaka 2013 wakaanza safari za saa sita, na Oktoba 2020 Soyuz MS-17 ikafika kwa saa tatu na dakika tatu, muda ambao basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam halijafika Dodoma. Injini hazikubadilika kuwa na nguvu za ajabu. Siku kadhaa kabla, kituo chenyewe husogezwa kidogo kwenye obiti yake ili dakika ya kurusha ikifika kiwe pale hasa kinapotakiwa.

Tufike sasa kwenye mita za mwisho, ambapo hesabu za obiti zinapungua na woga unaongezeka.

Kituo kimezungukwa na mipaka isiyoonekana. Wa nje ni kama yai lenye urefu wa kilomita 4; wa ndani ni tufe la mita 200 kila upande, na humo haingii mtu bila ruhusa. Dragon husimama kwenye vituo vya kungojea: mita 400, mita 220, kisha mita 20. “Kusimama” hapa maana yake ni kukaa sambamba. Kwenye kila kituo cha kungojea, watu walioko duniani hupima na kuulizana kabla ya kuruhusu hatua inayofuata. Hadi pale chombo kinapoukaribia mlango, njia huwa imepangwa hivi kwamba injini zikizima zote, kitapita pembeni na kwenda zake badala ya kukigonga kituo.

Chombo kina namna sita za kujongea: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, halafu kugeuka kwa njia tatu. Zote lazima zidhibitiwe kwa pamoja na injini ndogondogo zinazotema gesi kwa vipindi vifupi. Hakuna breki na hakuna msuguano. Kampuni ya SpaceX iliwahi kuweka mtandaoni mchezo wa kujaribu kazi hii kwa vitufe vinavyofanana na vya Dragon, nami nikajitia kujaribu usiku mmoja. Nikabonyeza mara moja kwenda kulia, chombo kikaanza kwenda kulia. Nikangoja kisimame. Hakisimami! Kitaendelea kwenda kulia mpaka Kiyama kama hujabonyeza kushoto kwa kiasi kilekile. Nilipokumbuka hilo, pua ilikuwa imeshageuka, nikaanza kurekebisha pua nikasahau kulia, na nikakipiga kituo ubavuni. Mara ya tano nilifika, baada ya robo saa ya kubonyeza kidogo na kungoja sana. Ili ukubaliwe, tarakimu zote za makosa zinapaswa kuwa chini ya 0.2.

Kwenye Dragon yenyewe kazi hiyo hufanywa na kompyuta, kwa kamera na leza zinazosoma alama zilizobandikwa kituoni. Mtu hukaa akitazama, mkono tayari. Ni ushindi wa njia ya Warusi, kwa kweli. Wao waliunganisha vyombo viwili visivyo na mtu, Kosmos 186 na Kosmos 188, tarehe 30 Oktoba 1967, wakati Wamarekani walikuwa wakimtegemea rubani.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Mlango wa Dragon umezungukwa na pete inayochomoza mbele kwa miguu inayonyumbuka, yenye mabamba matatu yaliyoinama kama petali. Kwenye kituo kuna pete mwenzake. Kasi ya kugusana haizidi sentimita 10 kwa sekunde; kobe wa Changuu hawangeona haya kushindana nayo. Petali zinapishana na kuelekezana, vishikizo vinanasa. Hii ni hatua laini: vyombo vimeshikana, lakini kwa ulegevu, na ile miguu inameza mtikisiko uliobaki. Mvuvi anayefunga gati anaijua. Kwanza inarushwa kamba, chombo kinaachwa kiyumbeyumbe mpaka kitulie, ndipo kinavutwa.

Wakati huohuo, kituo huacha kutumia injini na mitambo yake ya kujinyoosha. Kinajiachia kabisa, kama mtu anayelegeza mkono daktari amchome sindano. Kingekaza, kompyuta zake zingeuona mguso ule kama kosa la kurekebishwa, na vyombo viwili vingeanza kuvutana. Mtikisiko ukiisha, pete inavutwa ndani, kulabu 12 zinajifunga na kuukandamiza mpira wa kuzibia hewa. Sasa ni chombo kimoja. Hurley na Behnken waligusa saa 4:16 asubuhi kwa saa za Florida, tarehe 31 Mei, wakiwa juu ya mpaka wa China na Mongolia.

Si kila mlango uko hivyo. Soyuz hutumia ufito unaoingia kwenye koni. Mafundi umeme wetu wangesema dume na jike. Ubaya wa dume na jike ni kwamba madume mawili hayaungani. Marekani na Usovieti walipotaka kukutana angani Julai 1975, wahandisi wao walibuni pete isiyo na jinsia, ambayo upande wowote unaweza kuwa wa kushika au wa kushikwa. Tarehe 17 Apollo ya Wamarekani ndiyo iliyoshika; siku mbili baadaye wakaachana na kuungana upya, Soyuz ikashika. Pete za leo ni wajukuu wa ile.

Kwa nini uangalifu wote huu? Jibu linapatikana Mir, kituo cha Warusi, tarehe 25 Juni 1997. Kamanda Vasily Tsibliyev alikuwa akijaribu kukileta kwa mkono chombo cha mizigo kisicho na mtu, Progress M-34, cha tani 7 hivi. Alikuwa ndani ya Mir, akikiendesha kwa vijiti na kutazama runinga iliyoonyesha kinachoonwa na kamera ya Progress. Rada ya mfumo wa kujiendesha ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hakuwa na tarakimu ya umbali wala ya kasi. Kwenye skrini Mir ilikuwa kidoa mbele ya mawingu ya dunia, na kidoa kinachokua polepole hakikwambii kiko umbali gani. Wenzake, Aleksandr Lazutkin na Mmarekani Michael Foale, walichungulia madirishani wakitafuta chombo. Lazutkin alipokiona, kilikuwa kimeshafika.

Kiligonga kwa mita 3 hivi kwa sekunde, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Lakini nguvu ya kishindo hukua kwa mraba wa kasi: mita 3 ni mara 30 ya sentimita 10, na kishindo kwa kila tani ni mara 900. Paneli ya jua ikapondeka, chumba cha Spektr kikatoboka, masikio ya wanaanga yakahisi hewa ikipungua. Mlango wa Spektr haukuweza kufungwa kwa sababu nyaya zilipita katikati yake, ikabidi wazichomoe na kuzikata mbiombio, kisha wazibe. Kituo kilichopoteza umeme kikawa kinajizungusha gizani. Foale alikwenda dirishani, akanyoosha kidole gumba mbele ya nyota, akakadiria kituo kinazunguka kwa kasi gani ili walio chini wajue injini ziwashwe vipi. Wote watatu walirudi nyumbani salama, baadaye.

Makosa mengine yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha, baada ya muda kupita. Aprili 1987 chumba cha Kvant kiliishika Mir kwa hatua laini lakini kikakataa kukaza. Yuri Romanenko na Aleksandr Laveykin wakavaa suti, wakatoka nje kuangalia. Katikati ya vyombo viwili vya mamilioni ya fedha kulikuwa na mfuko wa taka. Wakauvuta, kulabu zikajifunga.

Na kufunga si mwisho wa hatari. Tarehe 29 Julai 2021 chumba kipya cha Urusi, Nauka, kilikuwa kimeshaungana na Kituo cha Kimataifa kwa saa kadhaa pale injini zake zilipojiwasha zenyewe kana kwamba bado kiko safarini. Injini nyingine za kituo zikawashwa kupambana nazo. Kabla mafuta ya Nauka hayajaisha, kituo kizima, tani mia nne na ushei, kilikuwa kimezunguka nyuzi 540 hivi, yaani mzunguko mmoja na nusu. Juni 2024, Butch Wilmore na Suni Williams walikuwa wakikikaribia kituo hichohicho ndani ya Starliner pale injini ndogo tano zilipozima. Wilmore akashika usukani kwa muda, nne kati ya hizo zikarudi, wakaunga. Chombo kilirudishwa kitupu. Wao walirudi Machi 2025 kwa Dragon, baada ya siku 286 badala ya nane hivi walizopangiwa.

Ikienda vizuri, watu hawakimbilii mlango. Kati ya mlango wa chombo na mlango wa kituo kuna nafasi ndogo ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa anga tupu. Hujazwa hewa, inapimwa, inangojewa tena, inapimwa tena, ili kuhakikisha hakuna panapovuja. Kwa Hurley na Behnken kungoja huko kulipita saa mbili. Ndipo mlango ukafunguliwa, upenyo wa sentimita 80 tu, wakapita wakielea, kichwa kwanza.

Wanaanga wengi husema wanaofungua mlango baada ya utupu ule hukutana na harufu. Don Pettit, aliyeisikia kwenye suti za wenzake waliotoka nje, aliifananisha na moshi mtamu wa kuchomelea vyuma. Kwetu haina haja ya maelezo marefu: ni ile inayokupokea ukipita asubuhi mbele ya karakana ya mageti.